Nilivyokwenda Malinyi Kumwona Kocha Wetu Akifungwa

Nilikwenda Malinyi ili nione timu yangu ikifungwa. Nasema mapema ili msomaji asije akanishangaa baadaye. Mimi ni Mama Tekla, fundi cherehani wa Kibaoni, hapa Ifakara, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa kiongozi wa akina mama wanaoipikia timu ya mtaa wetu. Kila mechi ya nyumbani, ikifika saa sita mchana, tulikuwa wanawake saba nyuma ya uwanja na masufuria yetu: wali, maharage, na kambale ikiwa mto umetoa. Wachezaji walikaa kwenye mikeka, wakala mpaka wakalegeza mikanda, na saa kumi wakaingia uwanjani. Hivyo ndivyo Kibaoni ilivyocheza mpira tangu nilipoolewa hapa, na hakuna aliyekuwa na neno.

Kisha akaja kocha mpya. Anaitwa Methodi, mtu wa Mahenge, kazi yake ni bwana shamba. Kijana wa miaka thelathini na kitu, sauti ya chini, peni mbili mfukoni mwa shati. Wiki ya kwanza tu alikuja jikoni kwetu, akaamkia vizuri, "Shikamooni mama zangu," tukaitikia marahaba, halafu akasema kwamba kuanzia siku hiyo wachezaji watakula asubuhi, na watakula tena baada ya mechi. Mchana, kabla ya kucheza, hapana. Baada ya mechi! Baada ya mechi kila mtu anakimbilia kwao, nani wa kula wali uliopoa? Mama Anjela, ambaye ndiye mkono wangu wa kulia jikoni, alimwaga maji ya mchele palepale mbele ya viatu vyake. Tukabeba masufuria, tukaapa kwamba hatukanyagi uwanjani mpaka mtu huyo aondoke.

Hakuondoka. Alishinda. Alishinda mechi ya kwanza, ya pili na ya tatu, akatoka sare na Michenga, ambao miaka yote hutufunga bila hata kutoka jasho, kisha akaendelea kushinda. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu, na kila goli lilipoingia nilisikia kelele na kuharibu mshono. Wateja wakija kuchukua nguo walikuwa na habari moja tu: kocha, kocha, kocha. Hakuna aliyeniuliza, "Mama Tekla, mbona siku hizi hampiki?" Hilo liliniuma kuliko yote.

Ikabaki mechi moja, ugenini Malinyi. Tukishinda tunapanda daraja. Mimi nikawaza peke yangu: wakipanda, jiko letu limekufa na halifufuki, wakifungwa, watu wataanza kukumbuka wali. Nikaenda kuandikisha jina langu kwenye lori la mashabiki. Wenzangu wa jikoni niliwaambia nakwenda kumwona mgonjwa.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuwa tumejaa kwenye Fuso linalobeba mpunga. Huwa linakwenda Malinyi tupu na kurudi na magunia, kwa hiyo bei yake ni nafuu na vumbi lake ni bure. Wachezaji na kocha walikaa mbele karibu na kichwa cha gari, mashabiki nyuma, nami nikapewa gunia tupu nikunje nikalie. Kocha Methodi alipoita majina alifika kwangu, akasema, "Shikamoo mama. Nimefurahi umekuja." Nikaitikia kwa mdomo tu. Ningependa angekuwa mtu wa jeuri, ingenirahisishia kazi.

Tulivuka daraja la Kilombero jua likichomoza. Zamani hapo ulisubiri pantoni nusu siku. Sasa ni dakika mbili, na katika dakika hizo mbili Bwana Salumu alikwishaanza. Bwana Salumu ana duka la vifaa vya ujenzi, asili yao ni pwani, na ni mwenyekiti wa mashabiki kwa sababu hakuna anayeweza kuongea kumshinda.

"Jamani, mimi nilisema toka siku ya kwanza," alisema. "Huyu kocha anawapanda vijana kama mpunga wa mistari. Kila mmoja na nafasi yake, hakuna anayemziba mwenzake jua."

Si kweli. Siku ya kwanza alisema timu imepewa mtu wa mbolea. Nilikuwapo. Lakini lori zima likaitikia ndiyo, ndiyo, na kila mmoja akawa na maelezo yake. Mmoja akasema siri ni mazoezi ya alfajiri. Mwingine akasema ni kipa kubadilishwa, na wazo hilo lilikuwa lake. Wa tatu akasema ni bahati tu, akazomewa mpaka akaomba msamaha. Hakuna hata mmoja aliyetaja chakula. Nilitazama mashamba ya mpunga yaliyovunwa, makapi yamelundikwa huku na huku, nikajitahidi kufikiria mambo mengine.

Lupiro tulinunua ndizi. Kocha alizigawa mwenyewe, mbili kwa kila mchezaji, akiandika kwenye daftari. Kutoka hapo barabara ya Malinyi si ya kusimulia mbele ya watoto. Mara mbili tulishuka wanaume wasukume, na mara zote mbili Bwana Salumu alisimama pembeni akielekeza. Mtimbira tulisimama dereva aongeze maji, na mjadala wa kocha ukaendelea pale ulipoachwa, maneno yaleyale, sauti kubwa zaidi. Kichwa kiliniuma. Nilikuwa mtu pekee ndani ya gari lile aliyetaka tufungwe, na nilianza kutamani tufungwe mara mbili.

Saa sita kasoro tulifika Malinyi. Wenyeji walitupokea kwa vigelegele, wakatupeleka kwenye viwanja vya kanisa ambako kulikuwa na turubai, mikeka na moshi wa kuni. Na harufu! Wali mpya wa bonde una harufu yake, hauhitaji kutangazwa. Pembeni kulikuwa na masufuria manne na karai la kambale. Kiongozi wa akina mama wa pale, Mama Yustina, mwanamke wa umri wangu mwenye mikono ya mtu anayejua kupika, alinishika kiganja akanivuta kando.

"Mwenzangu, nikuulize wewe mkubwa wao," alisema. "Vijana wenu wanakula sasa au baadaye? Maana tumesikia kocha wenu ana masharti."

Kocha alikuwa amekwenda uwanjani na waamuzi kukagua nyavu na mistari. Ningeweza kumwambia Mama Yustina asubiri. Ningeweza kumtuma mtu akaulize.

"Wanakula sasa," nilisema. "Masharti yamekwisha."

Nikaenda mwenyewe kwa wachezaji. Walikuwa wamelala chini ya turubai, kofia usoni. Nahodha wetu Deo, fundi mwashi, kijana niliyemshonea sare za shule tangu darasa la kwanza, aliinuka nilipomkaribia.

"Deo, wenyeji wamepika. Karibuni mezani, wanangu."

"Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi. Au mnataka kuwaaibisha wenyeji?"

Alinitazama, akatazama wenzake, akasema, "Haya mama, asante." Wakanawa mikono. Mama Yustina alijaza sahani kwa namna ninayoiheshimu, na mimi nikapita nyuma yake nikiongeza. Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Kwa miezi mitatu sikuwa nimemwona kijana hata mmoja akimaliza sahani mbele yangu.

Saa kumi kamili mpira ulianza, na sikuhitaji kungoja muda mrefu. Vijana wetu walikuwa wazito. Winga wetu, anayesifiwa kwa mbio, alikimbia mara moja akashika ubavu. Mabeki walitazama mpira ukipita. Dakika ya kumi na kitu, goli. Kabla ya mapumziko, la pili.

Na mashabiki wetu? Watu walewale wa kwenye lori? "Kocha gani huyu! Arudi kwenye mbolea!" Huyo alikuwa Bwana Salumu. Aliyesema siri ni mazoezi ya alfajiri sasa alisema vijana wamechoshwa na mazoezi ya alfajiri. Aliyesema ni bahati alitembea kila mahali akidai haki yake. Nilikuwa nimepata nilichokifuata, na badala ya kufurahi nilishikwa na hasira, hasira kwao na hasira kwangu, kwa sababu katika uwanja mzima ni mimi tu niliyejua kocha hana kosa.

Mapumziko niliwapelekea maji. Kocha Methodi alikuwa amechuchumaa mbele ya wachezaji.

"Mmekula," alisema. Hakuuliza. "Nani aliruhusu?"

Wote waliangalia nyasi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao na ndoo mkononi, na mdomo wangu, ambao Kibaoni nzima inaujua, haukufunguka. Deo ndiye aliyesimama.

"Mimi, kocha. Niliwaambia wale."

Kocha akasimama pia. "Unajua tulivyokubaliana."

"Najua."

"Basi utakaa."

Akamtoa nahodha wake katika mechi ya kupanda daraja. Deo akavua kitambaa cha mkononi, akampa beki wa kushoto, akaja kukaa kwenye benchi. Akaniomba maji, akanywa, akasema asante mama. Niliwahi kuona aibu katika maisha yangu, lakini ile ilinikalia kifuani kama gunia.

Kipindi cha pili nilikitazama kutoka nyuma ya benchi, na hapo nikagundua jambo la ajabu: nilikuwa sijawahi kutazama kipindi cha pili. Miaka kumi na moja, mechi sijui ngapi, na kila mara muda huo sisi saba tulikuwa bombani tunasugua masufuria. Nilijua tumeshinda au tumefungwa kwa kelele tu. Sasa nikawaona. Niliwaona wakirudi mchezoni taratibu, chakula kikishuka, jasho likiwatoka. Niliwaona wakipasiana mpira chini kwa utulivu ambao sikujua kama wanao. Winga alifunga goli moja zuri hata Mama Yustina akapiga kigelegele kwa kusahau. Zikiwa zimebaki dakika chache tukapata penalti. Penalti za Kibaoni hupiga Deo, na Deo alikuwa amekaa mbele yangu, mikono katikati ya magoti. Akapiga yule beki wa kushoto. Mpira ukagonga mwamba ukatoka nje.

Tulifungwa mbili kwa moja. Hatukupanda.

Jioni wenyeji walitugawa kwenye nyumba zao, maana dereva alikuwa na mzigo wa kupakia asubuhi. Kabla hatujatawanyika Bwana Salumu alikwishatangaza mkutano: kesho saa kumi jioni, Kibaoni, ajenda moja, kocha. Akaongeza kwamba kisa cha kufungwa kinajulikana. "Timu ina kinyongo cha akina mama! Kocha aliwafukuza jikoni, na kinyongo cha mama hakimwachi mtu. Kesho nawaita akina mama wote waje watoe neno lao. Wakisema aende, anakwenda."

"Kinyongo hakijazi mtu tumbo, Bwana Salumu," nilimwambia. "Vijana walikula wali saa saba, na niliyewakaribisha ni mimi."

Alinyanyua mikono juu. "Mnaona? Mnaona jamani? Kinyongo chenyewe ndicho kilichomtuma!"

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mama mmoja akanipa kiti. Jamani, hata kukosa hawataki nikose mwenyewe!

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tuliondoka tukiwa juu ya magunia ya mpunga. Safari hii Deo alikaa karibu nami. Mtimbira, gari liliposimama, nilimvuta kando kwenye kivuli cha ukuta wa duka.

"Deo, kwa nini ulibeba kosa langu?"

"Ningesemaje, mama? Nikutaje wewe mbele ya watu?"

"Lakini mlijua masharti. Mngekataa."

Alicheka kidogo, akatazama viatu vyake. "Mama, ukikaribishwa na mama unakula. Tumekula miaka yote."

"Mmekula kwa sababu mlikuwa na njaa."

Alisugua vumbi kwa ncha ya kiatu. Nilimngoja. Mimi nina subira ndogo sana lakini pale nilingoja.

"Usikasirike," alisema hatimaye. "Kile chakula kilikuwa kinatumaliza. Watu walikuwa wanatapika nyuma ya goli. Tulikuwa tunaogopa kusema, nani atamwambia Mama Anjela kwamba hataki kula? Kocha alipokuja, sisi wenyewe tulimfuata. Wachezaji wote. Tukamwomba atusaidie kuzuia. Akasema sawa, ila tusimwambie mtu kwamba tumeomba. Atasema ni yeye."

Dereva alipiga honi. Nilipanda juu ya magunia sijui nilipandaje.

Lupiro gurudumu lilitoboka. Wanaume walizunguka gurudumu kutoa ushauri, na kocha Methodi alikaa peke yake kwenye jiwe, daftari lake limefungwa. Nilikwenda nikasimama mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeniacha nikuchukie miezi mitatu."

Alielewa mara moja. Akatazama upande aliko Deo, akapumua. "Amekwambia."

"Kwa nini hukusema wewe? Mama Anjela amekumwagia maji ya mchele miguuni, na wewe umenyamaza kama bubu!"

"Mama, hawa ni vijana wenu. Wataoa hapa, watazikwa hapa. Mkiwakasirikia wao, watakwenda wapi? Mimi ni mgeni. Mkinikasirikia mimi, nahamia wilaya nyingine, basi." Akaongeza, "Nadhani jioni nitaambiwa hivyo. Nimeshajiandaa."

Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote katika hayo mawili. Nilirudi kwenye gunia langu, na njia nzima mpaka darajani Bwana Salumu alikuwa akieleza nyuma yangu jinsi alivyomshuku bwana shamba toka siku ya kwanza.

Saa kumi jioni, Kibaoni, mkutano ulijaa. Wenzangu sita wa jikoni walikuwa wamekaa mstari wa mbele kwa vitenge vyao vya Pasaka, Mama Anjela katikati, wananing'arishia meno. Walijua mwisho wa kocha umefika na jiko linafunguliwa. Mama Anjela alikuwa ameniwekea nafasi kando yake. Nilikaa. Kocha Methodi alikaa upande wa pili na wachezaji, na Deo alikuwa ameinamisha kichwa.

Bwana Salumu aliongea muda mrefu. Alipomaliza akasema, "Sasa neno ni la akina mama. Walifukuzwa jikoni na mtu huyu bila kosa. Waseme."

Mama Anjela alinisukuma kiwiko. "Wewe ndiye mkubwa wetu. Sema."

Nilisimama. Nilijua nikisema ukweli wote, vijana hawatapita tena mbele ya nyumba za wanawake hawa. Nilijua nikinyamaza, kocha anafunga mizigo.

"Hakutufukuza," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwomba azuie chakula. Nilichoka kupika. Nikaogopa kuwaambia wenzangu, nikamwomba aseme ni yeye."

Bwana Salumu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alifungua mdomo bila neno. Kocha alianza kuinuka kutaka kusema. Nilimtazama kwa jicho lile ninalowatazamia wateja wanaodai nguo kabla ya siku yake, akakaa. Mama Anjela alisimama taratibu, akafunga kitenge chake vizuri, akasema, "Miezi mitatu, Mama Tekla? Tulikaa kwako tunamtukana na wewe unatumiminia chai?" Akaondoka, na wale watano wakamfuata. Mkutano ukabaki hauna shitaka. Wakaanza kugombana kuhusu kipa.

Kocha yupo. Msimu ujao tutajaribu tena kupanda, na mimi nitakaa nyuma ya benchi nitazame vipindi vyote viwili. Nilikwenda Malinyi nikidhani najua nani amenikosea. Nilirudi nimejua kwamba miaka kumi na moja sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja kama ameshiba.

Leo ni wiki ya tatu Mama Anjela hanisalimii. Kanisani anahama benchi. Nimeandika safari hii hatua kwa hatua kwa ajili yenu sita wa jikoni, na nimengoja hasira zipungue kidogo kwanza. Mkishaisoma mtajua niliwadanganya tena pale mkutanoni, na mna haki ya kunikasirikia upya, nikasirikieni mimi. Vijana msiwaulize kitu. Mkiwauliza, watawaambia kwamba chakula kilikuwa kitamu.